Tairi la Baiskeli ya Mbio Limeisha Lini? Mwongozo kwa Wanaoendesha Mtwara na Lindi

Nilipoanza kuendesha baiskeli ya mbio, kipimo changu kilikuwa kile cha kila mtu: tairi lenye kashata ni zima, tairi kipara limekwisha. Ndivyo trafiki anavyokagua daladala, na ndivyo fundi wa kijiweni anavyokagua Foniksi. Shida ni kwamba tairi la baiskeli ya mbio linatoka kiwandani likiwa kipara. Lina michoro miwili mitatu ya urembo pembeni, basi. Siku nilipopeleka tairi jipya la saizi ya 700x25 (hiyo 25 ni upana kwa milimita) kwa fundi mmoja mzee hapa Mtwara anifungie, aliligeuza mara mbili, akalivuta kwa vidole, akaniuliza kwa huruma: "Mjukuu wangu, hili umeliokota wapi?"

Kwa kazi aliyoizoea, babu hakukosea. Baiskeli anazozishughulikia ni za kubebea mkaa, madumu ya maji na magunia ya korosho, na njia zake ni mchanga na udongo. Huko kashata ndizo zinazouma ardhi. Kwenye lami kinachoshika ni mpira wenyewe. Tena tairi jembamba lililojaa upepo halielei juu ya maji kama la gari, kwa sababu linagusa barabara sehemu ndogo sana, karibu na ukubwa wa kidole gumba. Kwa hiyo kipara si ugonjwa. Tunatafuta mengine: umbo lililobadilika, nyuzi zilizojitokeza, mikato, ubavu uliochoka na nundu.

Mwenye Foniksi naye asiondoke. Habari za ubavu, nundu na pancha zinamhusu vilevile.

Kabla hujaanza

Tafuta kivuli na saa nzima isiyo na haraka. Andaa tambara, maji yenye sabuni kidogo, pini, chaki na tochi ya simu. Pindua baiskeli isimame kwa kiti na usukani, kisha osha matairi yote mawili, kwa sababu vumbi na lami hujaza mikato na kuifanya isionekane. Usioshe kwa petroli wala mafuta ya taa, maana vyote viwili hula mpira.

Kisha jaza upepo kamili. Ukaguzi una nusu mbili: kwanza tairi likiwa limejaa, halafu likiwa halina upepo kabisa. Wengi hufanya nusu ya kwanza, wakaridhika.

Hatua ya 1: Zungusha gurudumu utafute nundu

Shika kidole karibu kabisa na tairi bila kuligusa, kikae tuli, kisha zungusha gurudumu polepole. Tairi zima hupita chini ya kidole kwa umbali uleule mwanzo hadi mwisho. Likiwa na mahali panapopanda na kushuka, au panapotoka ubavuni, simama hapo na uweke alama ya chaki.

Hapa nilijifunza kwa maumivu. Baiskeli yangu ilikuwa na mdundo mdogo nyuma, kama unapita kwenye tuta dogo kila gurudumu likizunguka. Nikasema rimu imepinda. Nikaipeleka, spoku zikakazwa, mdundo ukabaki. Nikajiambia nitazoea. Kesho yake, nikitoka Mikindani kurudi mjini, tairi likalia kama baruti na nikatembea sehemu kubwa ya njia nikisukuma, viatu vyangu vya baiskeli vikigonga lami ko, ko, ko mbele ya watoto waliokuwa wakitoka shule.

Kosa langu lilikuwa kutotenganisha rimu na tairi. Kuvitenganisha ni kazi ya nusu dakika. Zungusha gurudumu ukiangalia pengo kati ya rimu na raba za breki. Pengo hilo likicheza, rimu ndiyo imepinda. Pengo likitulia na tairi peke yake ndilo linalopanda na kushuka, kuna mambo mawili. Huenda tairi halijakaa sawa kwenye rimu: utaona ule mstari mwembamba unaozunguka juu ya ukingo wa rimu umezama sehemu moja. Hilo linatibika, toa upepo ulikalishe upya. Lakini mstari ukiwa sawa pande zote na nundu bado ipo, nyuzi za ndani zimekatika na tyubu inasukuma mpira mtupu. Nundu ya namna hiyo haina dawa. Usiendeshe hata kwenda dukani.

Hatua ya 2: Tazama umbo la katikati

Tairi jipya la mbio ukilitazama kwa mbele lina mviringo kama ganda la yai. Jinsi linavyotumika, katikati huliwa na kuwa bapa. Piga magoti nyuma ya gurudumu, macho yawe usawa wa tairi, na ulinganishe la nyuma na la mbele. La nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na ndilo linalosukuma baiskeli, hivyo huisha kwanza, mara nyingi la mbele likiwa bado lina nusu ya maisha yake.

Ubapa kidogo si neno. Ukianza kuona kingo mbili, yaani mahali ubapa unapokutana na mviringo pamekuwa kama pembe unayoweza kuihisi kwa ukucha, anza kutafuta hela. Hilo tairi halijafa, ila ukilaza baiskeli kwenye kona litapita juu ya ile pembe na utahisi linasita. Anayeshuka kutoka Newala kuelekea Masasi, kwa kona zile na mwendo ule, asingoje aone pembe.

Baadhi ya matairi yana alama iliyowekwa kiwandani. Yale ya mbio ya Continental, kwa mfano, huwa na vitundu viwili vidogo vilivyokaribiana kwenye mpira wa katikati. Vitundu hivyo vikionekana, mpira bado upo. Vikifutika, umefika chini. Watu wengi hudhani ni mahali pa pancha na kuvipuuza. Zungusha gurudumu taratibu kwa tochi utavipata, kama tairi lako ni la aina hiyo. Kama si la aina hiyo, usipoteze muda.

Hatua ya 3: Nyuzi zikionekana, kazi imekwisha

Hii haihitaji maneno mengi. Chini ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi, na matairi mengine yana pia tabaka la kuzuia miba katikati ya viwili hivyo, mara nyingi lenye rangi tofauti na mpira. Ukiona nyuzi, au rangi ngeni imechungulia katikati ya weusi, tairi hilo halitoki tena. Mtu atakuambia linaweza kumalizia wiki. Muulize ataendesha nani.

Hatua ya 4: Toa upepo, tafuta mikato

Hapa ndipo barabara zetu zinapojitofautisha, na ndipo nawaomba mtumie muda mwingi.

Tairi likijaa, mikato hujifunga. Likitolewa upepo na kukunjwa kwa vidole, mikato hufunguka kama midomo. Anza kwenye valvu, kunja tairi kila sentimita tano hivi, tazama kwa tochi, songa mbele mpaka urudi kwenye valvu. Kila ukiona kitu kimekwama, kitoe kwa pini hata kama hakijafika ndani, kwa sababu kila gurudumu likizunguka hukisukuma zaidi.

Utakutana na wageni wa aina tatu. Wa kwanza ni mbigili, hasa ukiegesha baiskeli pembeni ya njia kwenye majani makavu. Mwiba wake ni mfupi, na ukivunjika hubaki ndani ya mpira, haupapasiki kwa nje. Wa pili ni vipande vya chupa, ambavyo hupenda kukaa kwenye bega la barabara, palepale malori yanapotusukumia.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote: waya. Malori ya saruji, ya korosho msimu ukianza, na siku hizi ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, yakipasua matairi huacha vipande vya mpira vyenye nyuzi za chuma. Nyuzi hizo humeguka vipandevipande vyembamba kama nywele za mswaki. Waya mmoja unaweza kukupa pancha tatu, kwa sababu unapoziba tyubu unaurudishia nyumba yake. Kuupata kuna mbinu: usipapase ndani ya tairi kwa kidole, utajichoma na bado utaukosa. Chukua pamba au soksi kuukuu, ipitishe ndani polepole upande mmoja, kisha urudi upande wa pili. Mahali itakaponasa, ndipo alipo.

Sasa pima mkato. Uliochana mpira wa juu tu, mfupi kuliko punje ya mchele, acha. Uliofika kwenye nyuzi lakini haukuzikata, weka alama na uukague kila wiki. Uliokata nyuzi, au ukikunja tairi unaona mwanga upande wa pili, hilo la kubadilisha.

Ukipatwa njiani, tuseme katikati ya Mikindani na Mingoyo, usikate tamaa. Weka kipande kigumu ndani ya tairi, kati ya mkato na tyubu. Kipande cha ubavu wa tairi kuukuu ndicho bora. Kipande cha ganda la dawa ya meno kilichooshwa kinafaa pia, na nimeshawahi kufika nyumbani kwa pakiti ya maziwa iliyokunjwa mara nne. Jaza upepo pungufu kidogo, endesha taratibu. Hiyo ni dawa ya kufika nyumbani. Nawajua watu walioisahau ndani kwa miezi.

Hatua ya 5: Ubavu

Ubavu ni mwembamba kuliko katikati kwa sababu haukuundwa kugusa barabara. Angalia mambo matatu.

Mipasuko midogo iliyotapakaa kama tope lililokauka hutokana na jua na hewa kuukausha mpira. Pwani yetu jua halina mchezo, na baiskeli inayoshinda barazani ikipigwa jua la mchana itazeeka ubavu kabla ya katikati kuisha. Mipasuko ya juujuu inavumilika. Ikikunjwa na kufunguka mpaka unaona nyuzi, haivumiliki. Kuendesha na upepo mdogo nako huleta hali hiyo hiyo, maana ubavu hukunjwa kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka.

La pili ni nyuzi zinazofumuka kama upindo wa kanga iliyozeeka. Uzi mmoja uliojitokeza unaweza kukatwa kwa mkasi. Zikiwa nyingi mahali pamoja, nundu iko njiani.

La tatu ni mfereji. Ukiona mstari uliolika kwa unyoofu kuzunguka ubavu, usilaumu tairi, laumu breki. Raba ya breki imekaa juu mno na inagusa tairi badala ya rimu. Shusha raba kwanza. Vinginevyo utanunua tairi jipya na kulipeleka kwenye kisu kilekile.

Hatua ya 6: Sikiliza pancha zako

Kabla ya kutoa tyubu, kumbuka ilivyokaa. Mimi hufunga tairi ili nembo yake iwe usawa wa valvu, na kwa hiyo nikipata tundu kwenye tyubu najua moja kwa moja linaelekeana na sehemu gani ya tairi.

Pancha zikirudi mahali palepale, kuna waya au mwiba haujatoka. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, ule unaoegemea spoku, kagua utepe wa rimu, ule unaofunika vichwa vya spoku. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka yanatokea tyubu ikibanwa kati ya rimu na kitu kigumu, ulipogonga shimo na upepo mdogo. Kwa hali hizi tatu tairi halina kosa, na kulibadilisha ni kutupa pesa.

Lakini pancha zikija mara kwa mara, kila moja mahali pake, kwa vitu vidogo ambavyo zamani tairi lilivipita bila habari, mpira umekuwa mwembamba. Hata kama halina ubapa wa kutisha, nenda kalibadilishe.

Kilomita na umri

Watu hupenda kuuliza namba. Tairi la nyuma la baiskeli ya mbio mara nyingi hufika kilomita 3,000 hadi 5,000. Yale mepesi ya mashindano huisha mapema, na yale mazito ya mazoezi huweza kupita hapo. Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya kilomita 100, kwa hiyo anayekwenda na kurudi kila Jumamosi anaweza kulimaliza tairi la nyuma katika miezi minne au mitano. Anayezunguka Shangani jioni na kurudi atakaa nalo miaka, na litamshinda kwa jua badala ya kilomita. Uzito wako, upepo unaojaza na ubora wa lami vinabadilisha hesabu hii sana, kwa hiyo chukua namba kama ukumbusho wa kukagua na uamue kwa macho.

Lipi libadilishwe, na jipya liende wapi

La nyuma likiisha, usifunge jipya nyuma. Toa la mbele ulipeleke nyuma, jipya lifunge mbele. Tairi la nyuma likipasuka ukiwa kasi, baiskeli hucheza lakini mara nyingi unaweza kuitawala. La mbele likipasuka, usukani haukusikilizi tena. Kwa sababu hiyo pia, usihamishie mbele tairi lililokwisha kuliwa nyuma, ingawa hesabu ya kubana matumizi itakushawishi.

Kununua bila kudanganyika na inchi

Soma namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi la zamani, usikariri inchi. Matairi ya 700C yana kipenyo cha milimita 622 pale yanapokaa kwenye rimu, kwa hiyo utaona 25-622 au 28-622; namba ya kwanza ni upana. Tairi la Foniksi kubwa la 28 x 1½ ni 635, na lile la baiskeli za zamani za giya la 27 x 1¼ ni 630. Kinachochanganya ni kwamba baadhi ya matairi ya 622 nayo huandikwa "28". Muuzaji akikuambia "ni inchi 28, litaingia", mwombe akusomee zile tarakimu tatu. Tofauti ya milimita 13 haishawishiki kwa nguvu za mikono.

Kuhusu upana, fremu yako ikiruhusu, nunua la milimita 28 badala ya 23 au 25. Kwa lami yetu yenye viraka, upana unaokubali upepo mdogo kidogo utakuokolea rimu na mgongo. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki.

Matairi ya saizi hizi si mengi kwenye maduka ya huku, na mara nyingi itabidi uagize Dar es Salaam yaje kwa basi. Basi agiza ulipoona ubapa, usisubiri nyuzi. Likifika, likunje na ulitazame kabla hujalifurahia: tairi lililoning'inizwa mbele ya duka juani kwa miaka miwili linaweza kuwa jipya kwa jina tu. Ya mtumba yapitishe kwenye hatua zote sita zilizotangulia. Muuzaji akinuna, mwachie.

Kufunga

Tafuta mshale wa mwelekeo ubavuni, kama upo. Tia tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, ipake poda, iingize. Anza kufunga upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, ukisukuma mdomo wa tairi, yaani ule ukingo unaoingia kwenye rimu, kwa vidole gumba na kuuteremsha katikati ya rimu pande zote ili upate ulegevu wa mwisho. Fundi akitoa bisibisi, mwambie kwa adabu, "Shikamoo babu, hili naomba nilimalizie mimi." Bisibisi ndiyo inayotoboa tyubu nyingi mpya.

Kabla ya kujaza, bana tairi kwa vidole kuzunguka lote uone kama tyubu haijachungulia. Jaza kwa awamu mbili: nusu kwanza, kagua ule mstari wa ukingoni, kisha malizia. Mimi nina kilo 68, na kwenye tairi la upana wa 28 hujaza psi 70 mbele na 75 nyuma (psi ni kipimo cha upepo), ambazo ziko chini ya kikomo kilichoandikwa ubavuni. Aliye mzito aongeze, ila kile kikomo asikivuke.

Andika tarehe kwenye daftari au kwa kalamu ya wino mzito kwenye utepe wa rimu. La zamani usilitupe lote. Kata vipande viwili vya ubavu mzima, kila kimoja urefu wa kidole, ukate na ule mdomo wenye waya, uvitie kwenye kimkoba cha chini ya kiti pamoja na tyubu ya akiba. Lililobaki weka nje ya geti, litakuwa limechukuliwa na watoto kabla ya magharibi.